Aliyeipunguza Picha ya Mke Wangu

Kigae kilichobandikwa kwenye kaburi la mke wangu ni kidogo, hakizidi kiganja. Wageni wakija kunisalimia hapa Ipyana huwapeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nao huinama, hukunja macho kuitafuta picha, kisha hunyanyuka na kuniangalia mimi. Najua wanachofikiri. Mstaafu mzima, ana kakao, ana mpunga, na kaburi la mke wake amelibandikia picha ya kitambulisho. Siku ya kumbukumbu niliwaeleza ndugu kwa maneno machache, kama mtu anayemeza kwinini bila maji. Hapa nitasema yote, maana aliyeipunguza picha ile alitafutwa nyumbani kwangu kwa karibu miezi miwili, na aliyekuwa akimtafuta ni mimi.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Nilikuwa bwana shamba kwa zaidi ya miaka thelathini, na kazi hiyo haimfundishi mtu kuamini. Mkulima wa Busale akikuambia amepalilia mpunga mara mbili, unavua viatu, unakunja suruali, unaingia majini kuangalia mwenyewe. Akikuambia amepulizia dawa kwenye kakao, unageuza maganda moja moja, na mara nyingi unakuta ugonjwa umekaa pale umestarehe. Mke wangu alikuwa akisema kwamba mimi hata nikipewa maji ya kunywa nayanusa kwanza. Alikuwa anatania, lakini ni kweli nilikuwa nayanusa.

Miaka ya mwisho ya kazi ofisi ilitugawia kamera ndogo za kidijitali tupige picha za magonjwa ya mimea. Nikaipenda kamera kuliko nilivyotarajia. Nilipostaafu nilinunua ya kwangu, na kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, nikaiweka sebuleni karibu na dirisha. Mke wangu aliifumia kitambaa cha kuifunika, kwa sababu unyevu wa Kyela hauna adabu, unaingia hata kwenye chuma. Kila nilipojaza kadi ya kamera nilihamishia picha kwenye kompyuta, nikaifuta kadi, nikaanza upya. Kwa hiyo picha zangu zote zilikuwa mle ndani, nakala moja moja, na sikuona ubaya wowote.

Katika nyumba hiyo tulikuwa watu wanne. Mimi, mke wangu, mwanangu anayefanya kazi mpakani Kasumulu na kurudi Jumamosi, na mke wa mwanangu. Huyu wa nne ndiye ninayetaka kumweleza, na ndiye nisiyeweza kumweleza vizuri, kwa sababu kwa desturi yetu mimi na yeye hatukutani. Kinyakyusa tunaita ukutila, ile heshima ya mwanamke kwa baba mkwe wake. Hakai chumba nilichokaa mimi. Hanisemeshi, nami simsemeshi. Nikikaribia jikoni nakohoa, naye hupita mlango wa nyuma. Nikiona pindo la khanga yake kwenye kona, natazama chini hadi limepita. Vijana wa mjini wameacha mambo haya, na kuna familia zinazoyamaliza kwa kupeana zawadi na kukaa meza moja. Sisi hatukuyamaliza. Mke wangu alikuwa katikati yetu, na kila neno lilipitia kwake, basi hakuna aliyeona haraka ya kubadilisha kitu.

Hata kompyuta tuliitumia kwa zamu bila kuandikiana ratiba. Asubuhi ilikuwa yangu, kwa sababu yeye alikuwa shambani. Mchana nilipokwenda kwenye ghala la kakao kupiga soga na wenzangu, ilikuwa yake. Kabla ya kuolewa alikuwa amefanya kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi kule Kyela mjini, na mashine aliijua kuliko mtu yeyote kijijini kwetu. Wazazi walimletea watoto wao waliomaliza shule ili awajazie fomu za kwenye mtandao. Fomu hizo zina ukorofi wake: picha ikiwa kubwa zinaikataa. Yeye aliwapiga picha kwa simu, akazihamishia kwenye kompyuta, akazipunguza ukubwa hadi zikakubalika. Niliporudi jioni nilikuta kiti kimerudishwa mahali pake na kitambaa kimefunikwa vizuri, na mimi nilikagua vyote viwili.

Nami nikataka kujifunza kupunguza picha, kwa sababu mwanangu mwingine aliye mbali alilalamika kwamba picha ninazomtumia haziingii kwenye simu yake. Sasa nitafundishwaje na mtu nisiyeweza kukaa naye chumba kimoja? Tulifanya hivi. Mimi nilikaa mbele ya kompyuta. Mkwe alisimama ukumbini, nyuma ya ukuta. Mke wangu, ambaye maishani mwake hakuwahi kugusa kipanya, alisimama mlangoni katikati yetu, huku anachambua maharage kwenye ungo.

“Anasema uifungue picha,” mke wangu alisema.

“Nimeifungua.”

“Anasema kuna mahali pameandikwa ukubwa. Ubofye hapo.”

“Mwambie nimebofya. Kimefunguka kisanduku.”

“Anasema uandike namba ndogo kuliko iliyopo.”

Nikaandika. Picha ya ganda la kakao lililooza ikanywea mbele ya macho yangu, nikafurahi. Ukumbini nikasikia sauti ikinong'ona tena, ndefu kidogo.

“Anasema ukimaliza, uihifadhi kwa jina jingine. Usiihifadhi kwa jina lile lile.”

“Kwa nini?”

Wakanong'onezana. “Anasema ndivyo inavyotakiwa.”

“Mwambie picha ni moja, jina moja linaitosha. Mtu mwenye majina mawili ni mwizi au mdaiwa.”

Mke wangu alicheka hadi maharage yakamwagika. Mkwe habishani na baba mkwe, hata kupitia mdomo wa mtu mwingine, basi somo likaishia hapo.

Picha ninayoizungumzia niliipiga Matema, Jumamosi moja ya kiangazi, kwenye soko la vyungu. Mke wangu alikuwa amechuchumaa mchangani na chungu mkono wa kushoto, anakigonga kwa kidole asikie kama kina ufa. Muuzaji, mama wa Kikisi, alimwambia, “Mama, hicho kizima,” na mke wangu akamjibu, “Wacha kiniambie chenyewe,” na hapo hapo akacheka, nami nikabonyeza. Hakupenda kupigwa picha. Nyingine zote alizopigwa amefumba macho au amegeuza kichwa, au ni zile za harusi za watu ambamo ni kichwa kimoja kati ya sitini. Hii moja tu alitazama. Ukiikuza kwenye kioo cha kompyuta uliona udongo kwenye kucha zake na ule mkunjo mdogo kando ya jicho uliokuwa ukitokea kabla hajacheka. Niliwahi kukaa nayo asubuhi nzima, naikuza tu, yeye akiwa hai chumba cha pili anakunja nguo.

Alifariki msimu wa masika, kwa ugonjwa wa siku tano. Sina la kusema kuhusu msiba. Nakumbuka mvua kwenye turubai na miguu ya watu yenye tope. Mengine nasimuliwa, nami naitikia kwa kichwa.

Mwaka ulipokaribia kutimia tukaanza maandalizi ya kumbukumbu. Kaburi lilikwishajengewa, bado kigae cha picha. Kule mjini kuna mfanyabiashara mmoja, mzee mwenye asili ya pwani, anayetoa nakala, kuchapisha kadi na kuchoma picha kwenye vigae. Ana Kiswahili kitamu mno, na mimi mtu akinisemesha kwa utamu hushika mfuko wangu. Akaniambia, “Mzee wangu, niletee picha kubwa, safi, nami nitakutolea kigae cha ukubwa wa daftari. Marehemu ataonekana tangu barabarani.” Nikapenda hilo neno, ataonekana tangu barabarani. Nikarudi nyumbani na wazo hilo moja kichwani.

Sikuwa nimeifungua ile picha tangu msiba. Sikuthubutu. Asubuhi ile nikakaa, nikavuta pumzi, nikaifungua.

Ilikuwa ndogo kama stempu. Nikaikuza kama nilivyozoea, na uso wa mke wangu ukavunjika vipande vipande vya mraba, kama vigae vya bafuni. Kucha hazikuwepo. Jicho lilikuwa doa. Nilikuza na kupunguza, nikazima mashine, nikawasha tena, kana kwamba ilikuwa usingizini. Niliona kama mtu ameingia nyumbani mwangu akamchukua mara ya pili.

Kisha nikaona kitu kingine. Pembeni ya picha ile, kwenye folda hiyo hiyo, kulikuwa na picha kumi na moja ambazo sikuzitengeneza mimi. Zote zilikuwa yeye. Moja amenyooka kuliko alivyokuwa, moja mashavu yamelainika kama ya mwanasesere, moja ina rangi ya maji ya mpunga, moja imekatwa ikabaki pua na mdomo. Mtu alikuwa amekaa kwenye kiti changu anachezea uso wa marehemu.

Nani anajua kupunguza picha katika nyumba hii? Swali halikunichukua muda. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikumbuka kila kitu kwa mkupuo, kama mtu anayetafuta ushahidi wa kesi iliyokwishaamuliwa. Nilikumbuka picha za watoto wa watu zilivyokuwa zikijaa kwenye mashine yangu. Bila shaka alitaka nafasi, akaanza kupunguza za kwangu. Nikakumbuka siku mke wangu alipomsema kuhusu wali ulioungua, na kile kimya chake cha siku mbili baadaye. Nikajiambia: kumbe alikiweka moyoni. Wali ulioungua, jamani. Lakini nilipokuwa na hasira niliuona unatosha.

Sikusema kitu. Bwana shamba hamkamati mkulima kwa maneno, anasubiri shambani. Nikachukua daftari, nikaandika jina na ukubwa wa kila picha iliyokuwemo. Nikafunika kitambaa huku kona moja nimeikunja kidogo kwa ndani. Mchana nikaenda ghalani kama kawaida, nikaongea kuhusu bei ya kakao bila kusikia ninachosema. Niliporudi jioni, kona ya kitambaa ilikuwa imekunjuliwa. Nikafungua folda. Zilikuwa kumi na mbili.

Basi nikamwita dada yangu. Anaishi boma la jirani, na tangu mke wangu afariki yeye ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kati yangu na mkwe. Dada yangu hana subira na mashine, lakini ana subira kubwa na ugomvi. Nikamwonyesha picha. Akashika mdomo.

“Gwe kaka! Ni wifi yangu huyu?”

“Ndiye. Nenda kamuulize mtu aliyemfanya hivi.”

Alikwenda jikoni. Nilisimama dirishani nikatega sikio, nikasikia sauti ya dada yangu tu, ikipanda na kushuka. Ulipita muda. Akarudi amekunja uso.

“Anasema umsamehe, taata wake. Anasema amejaribu, na ataendelea kujaribu, ila haikubali.”

“Amejaribu nini?”

“Sikumuuliza. Si ameomba msamaha?”

Nami sikumrudisha akaulize. Nilichotaka nilikwishakipata. Mtu haombi msamaha kwa kosa lisilo lake, hivyo ndivyo nilivyoamini, mimi niliyeishi miaka yote katika desturi ambamo mkwe hawezi kumwambia baba mkwe “hapana, si mimi.” Nikafunga mlango wa sebule kwa ufunguo na kuuweka mfukoni. Wazazi waliokuja na watoto na vyeti vyao wakarudishwa. Nilisikia mama mmoja akiuliza uani, “Kwani mashine imeharibika?” na sauti ya mkwe ikijibu taratibu kwamba ndiyo, imeharibika. Alinisitiri. Nikaona hata huo ni ujanja.

Jumamosi mwanangu alirudi. Nikamweleza. Badala ya kukasirika alitazama vidole vyake.

“Baba, naomba jambo hili tuliache. Tutafute picha nyingine.”

“Hakuna nyingine.”

“Basi tuweke jina tu kwenye kaburi. Wengi wanaweka jina.”

“Umekwishasikia ya mkeo, sivyo? Mmekaa mkapanga.”

“Baba, tuliache.”

Hakunitazama hata mara moja. Nikamshuku naye. Usiku na mchana nilikuwa peke yangu katika nyumba yenye watu, nakula chakula kilichopikwa na mtu niliyeamini amemfuta mke wangu, na, nisifiche, nilikinusa.

Zikabaki wiki tatu kabla ya siku ya kumbukumbu. Nikaona nisikae na kinyongo mikono mitupu, niende na picha zote kumi na tatu kwa yule mzee wa vigae, pengine ana dawa. Nikazihamishia kwenye flashi, nikafunga safari ya mjini. Alinikaribisha kiti, akaniagizia chai ambayo sikuinywa, akachomeka flashi.

“Lahaula,” akasema. “Hii imepunguzwa, mzee wangu. Kilichotoka hakirudi. Ni kama kukamua muwa, huwezi kurudisha maji kwenye makapi.”

“Najua imepunguzwa. Nataka kujua kama naweza kumthibitishia aliyeipunguza.”

“Jina la mtu mashine haitasema. Lakini siku itasema.” Akabofya, kikatokea kisanduku kidogo, akanigeuzia kioo. “Hii ya kwanza ilibadilishwa mara ya mwisho siku hii, saa tatu asubuhi na dakika kadhaa. Hizi nyingine zimetengenezwa kutokana na hiyo, miezi na miezi baadaye.”

Nikaisoma tarehe. Nikavua miwani, nikaipangusa, nikaisoma tena.

“Saa ya mashine yako ni sahihi?” nikamuuliza.

“Hii haitoki kwenye mashine yangu, mzee. Imekuja na picha.”

“Ijaribu kwenye ile nyingine.”

Bila neno alihama meza, akachomeka flashi kwenye kompyuta ya pili. Tarehe ile ile. Saa ile ile. Ningekuwa na njia ya kumwomba ya tatu ningemwomba.

Ilikuwa siku ya kuuchukua mwili. Wanawake wote wa nyumba yangu walikuwa wameondoka alfajiri kwenda hospitali kumwosha na kumvika. Mkwe alikuwa miongoni mwao, dada yangu pia. Mwanangu alikuwa na gari la jeneza. Nje walibaki wazee chini ya turubai. Ndani, sebuleni, alibaki mtu mmoja, ambaye aliambiwa apumzike na akakataa.

“Siku hiyo,” mzee wa vigae alisema kwa upole, “ndiyo uliyonitumia picha ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi. Nilikupigia simu nikakwambia mtandao hafifu, picha haipandi, ipunguze kidogo.”

Hapo ndipo iliponirudia, si yote, mkono tu. Niliuona mkono wangu kwenye kipanya. Nilikuwa nimemaliza kuandika wasifu wake, mistari tisa, nikashindwa wa kumi. Simu ikalia. Nikaifungua picha bila kuitazama usoni, nikaandika namba ndogo, nikahifadhi. Mashine iliniuliza kama nina hakika nataka kuiweka hii mahali pa ile ya zamani. Iliniuliza, haki ya Mungu. Nikabonyeza ndiyo, kwa sababu nje walikuwa wananiita na nilitaka kila kitu kiishe.

“Kwa ukubwa huu,” mzee aliendelea, “naweza kukutolea kigae kidogo tu, kama kiganja. Hapo uso utabaki uso.”

Nikamwambia atoe. Nikasahau kumuaga, nikarudi kumuaga, nikasahau flashi.

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Njia nzima nilitafuta pa kuchutama. Niliwaza mengi ya aibu na nitayasema. Niliwaza kwamba tarehe ile naijua mimi na mzee wa vigae tu, na yeye si mtu wa Ipyana. Niliwaza kwamba mkwe amekwishaomba msamaha. Naweza kutangaza kwamba nimemsamehe, watu wakanisifu kwa moyo mkubwa. Nilipofika kwa dada yangu nilikuwa bado sijaamua, ila maneno yalinitoka yenyewe, nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

Alinivutia kigoda. Kisha akasema, “Liache. Limekwisha. Baba mkwe hamwombi radhi mkwe, utamtia mkosi. Mimi nitamwambia kwamba umetulia.”

“Utamwambia ni nani aliyeipunguza?”

“Nitamwambia umetulia.”

Nikajua kwamba neno hilo safari hii halipitishwi na mtu. Nikaondoka kwenda nyumbani, nikazunguka moja kwa moja hadi jikoni kwetu, kile kibanda cha matofali kilicho nje. Moshi ulikuwa unatoka. Kwa mazoea nikakohoa, na papo hapo nikasikia kigoda kikisukumwa na nyayo zikielekea mlango wa nyuma.

“Mwanangu, usiondoke,” nikasema.

Nyayo zikasimama. Nadhani aliogopa. Kwa miaka saba sauti yangu haikuwa imemwelekea hata mara moja.

“Kaa hapo hapo. Mimi nabaki huku nje, ukuta uko katikati, hatujavunja kitu. Nataka kukuambia. Picha ya mama yenu niliipunguza mimi. Siku ya msiba, kwa mkono wangu. Si wewe. Nimekusingizia, nimekufungia mlango, nimemtuma shangazi yako akutukane. Nimekosa.”

Nilisikia sufuria ikichemka na kifuniko chake kikigonga. Sikusikia kingine. Nikaanza kufikiri labda amekwishaondoka na nimeungama kwa maharage.

“Najua, taata,” sauti ikasema.

“Unajua nini?”

“Kwamba ni wewe. Wiki ile ile ya msiba niliikuta, nikaangalia tarehe. Nikamwambia mume wangu. Tukasema usiambiwe.”

“Na zile nyingine?”

“Nilikuwa najaribu kuikuza irudi, kabla hujaifungua. Kila ulipokwenda ghalani nilijaribu. Kuna njia nilizosoma kwenye mtandao. Haikubali.”

Nikaushika ukuta. Ulikuwa na joto la moto wa upande wa pili. Nikamuuliza, na sauti yangu sikuipenda, kwa nini basi aliomba msamaha, kwa nini alikubali kufungiwa mlango na kusemwa na shangazi, wakati neno moja tu la tarehe lingemtoa.

Alizungumza taratibu, kama mtu asiyezoea kuisikia sauti yake mahali hapo.

“Ulikuwa umempoteza mara moja, taata. Nikaona ukijua, itakuwa umempoteza tena, na safari hii wewe mwenyewe. Ukinikasirikia mimi, hasira itaisha, mimi ni mtoto wenu. Ukijikasirikia wewe, nani angekutuliza? Mama hayupo.”

Nililia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilisimama kwenye migomba mchana kweupe, mstaafu wa serikali, nikalia kwa sauti, na mbwa wa jirani akaja kuniangalia. Nilipomaliza kujipangusa niliona siwezi kubaki upande ule wa ukuta. Kama kuna mkosi, nikasema, uje unikute jikoni. Nikazunguka, nikainama mlangoni, nikaingia.

Hakukimbia. Alijaribu kuvuta khanga kichwani, kisha akaiacha. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, macho mekundu, na mimi kwa mara ya kwanza nikamtazama mtu aliyenipikia kwa miaka saba. Nilikuwa nimemjengea sura moyoni, jike kubwa lenye midomo iliyobana na jicho la hila, na miezi miwili nilikuwa nikigombana na sura hiyo. Hakufanana nayo hata kidogo.

“Ndaga fijo, asante sana, mwanangu,” nikasema.

“Ena, taata,” akaitikia, kwa sauti ndogo.

Alikuwa binti mdogo, mdogo kuliko nilivyodhani.